Nimealikwa klabu ya huduma hapa Malindi: niingie, ama nitakuwa wa kuchangishwa tu?

#1 Mpima_Ardhi
Salaam wadau. Mimi ni mpima ardhi, mzaliwa wa Shella hapa hapa Malindi, miaka 34. Juzi mteja wangu mmoja, mtu mzima na heshima zake, aliniambia, "Alhamisi njoo hotelini tule chakula cha jioni, nikujulishe kwa wenzangu." Nikadhani ni kazi, nikabeba hadi ramani. Kumbe ni mkutano wa klabu ya huduma, hizi za akina Rotary na Lions. Ni ipi kati yake, hiyo naiweka mfukoni.

Alikuwepo daktari, mameneja wawili wa hoteli, wakili, mama mmoja wa benki, na Wataliano watatu wazee waliokaa Malindi kunishinda mimi. Waligonga kengele, wakazungumza visima na miwani ya watoto wa shule, wakatozana faini huku wanacheka, tukala, tukaondoka. Mlangoni mteja wangu akaninong'oneza kwamba nikija tena mara mbili tatu atanipendekeza niwe mwanachama.

Kilichonitatiza ni hesabu. Watu ishirini na kitu, wazaliwa wa Malindi tulikuwa watatu, na mmoja ni mimi mgeni. Niingie? Na kwa nini sisi wenye mji hatumo?

#2 Kaskazi_Baridi
Ulibeba ramani kwenda kula? Yakhe, kazi imekuingia damuni. Tuanze na la muhimu: kulipikwa nini?

#3 Tuktuk_Casuarina
Mimi hao nawabeba, wanalipa vizuri na hawagombani bei. Lakini usidanganyike. Hiyo ni Freemason imevaa shati jingine. Kengele ya nini mezani? Gurudumu la nini kifuani? Imeanzishwa London mwaka 1917 na mabwana wa mambo ya siri. Ukiingia hutoki.

#4 Wakili_KisumuNdogo
Tuktuk, umepika vyungu vitatu kwenye jiko moja. Rotary ilianza Chicago, tarehe 23 Februari 1905. Aliyeianzisha alikuwa wakili, Paul Harris, na wenzake watatu: muuza makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na fundi cherehani. Walikutana ofisini kwa yule mhandisi, chumba nambari 711. Jina lilitokana na kuzunguka: wiki hii ofisi ya huyu, wiki ijayo ya yule. Huo mwaka 1917 ni wa Lions, na huyo naye ni wa Chicago hiyo hiyo, mtu wa bima akiitwa Melvin Jones. London hapo haina hisa.

Nisijifiche: mimi ni mwanachama, huu mwaka wangu wa saba, na mtaniona natetea. Kutoka nimeona watu wakitoka, tena wengi, na hakuna aliyefuatwa na jini. Wengi hutoka kwa kushindwa na ada.

Mpima, kualikwa ndio mlango wa kawaida. Zamani Rotary ilikuwa inachukua mtu mmoja tu kwa kila taaluma: wakili mmoja, daktari mmoja, mwoka mikate mmoja, ili kusiwe na fani moja inayokalia wengine. Siku hizi imelegezwa, lakini fikra bado ipo. Inawezekana waliangalia orodha wakaona hawana mpima ardhi.

#5 Kaskazi_Baridi
Au waliangalia orodha wakaona wana mashamba.

#6 MzeeWaMambrui
Wanangu, mimi nasoma nacheka. Hicho alichoeleza Wakili ni kikoa. Leo kwangu, kesho kwako, mpaka duru iishe. Mama zetu walikula kikoa kabla huyo mzungu hajajua kuandika jina lake. Mmekipeleka hotelini mkakitundika beji.

#7 Kaskazi_Baridi
Mzee wangu, si ndiyo bia hiyo?

#8 MzeeWaMambrui
Siyo, babu. Kula bia ni kila mtu kutoa sehemu yake papo hapo, kinunuliwe, kiliwe, kiishe. Kikoa ni zamu: mmoja anagharamia leo, na deni linabaki kwa wenzake, kwa hivyo kesho lazima mwonane. Bia haimlazimishi mtu kurudi. Kikoa kinamlazimisha. Sasa hao wa hotelini, kila mtu analipa sahani yake pale pale, hiyo ni bia. Walianza kikoa wakaishia bia.

#9 Wakili_KisumuNdogo
Mzee, hilo nitalisema mkutanoni na nitatozwa faini kwa kulisema.

#10 Ustadh_Barani
Assalaam alaykum. Sitaki kutia watu hofu, ila Tuktuk asichekwe sana. Wapo wanazuoni waliotoa fatwa za kukataza vyama hivi, wakiviweka fungu moja na Freemason. Wala si Waislamu peke yao. Vatican, mwishoni mwa mwaka 1950, ilikataza mapadri kuwa wanachama wa Rotary na kuwataka waumini wachukue tahadhari. Sisemi ni haramu, maana sijafanya utafiti wa kutosha. Nasema muulize sheikh unayemwamini, na uangalie mambo mawili kwa macho yako: wanaapa kwa nini, na mezani kuna nini.

#11 Wakili_KisumuNdogo
Ustadh, heshima yako. Kiapo hakuna. Unavishwa pini, unapigiwa makofi, unapewa kazi. Mezani sitakudanganya: kwetu chupa zipo kwa anayetaka, na kuna Waislamu wanaokunywa maji yao wakaondoka. Hilo linawafukuza watu kimyakimya, na mimi nimelisema mara nyingi. Kuhusu usiri: Ujerumani ya Hitler klabu za Rotary zilivunjwa mwaka 1937, na mojawapo ya visingizio ilikuwa hiyo hiyo ya Freemason. Tuhuma hii ni kongwe, na aliyeibeba hakuwa mchamungu daima.

#12 Ustadh_Barani
Kwamba dhalimu amelisema jambo hakulifanyi kuwa la uongo. Lakini nimekuelewa.

#13 Fundi_Gongoni
Tuktuk, hilo gurudumu lako la siri, nembo ya Rotary, ni gia. Meno 24, spoku 6. Mimi ni fundi wa mashine za chumvi, nimelitazama vizuri kwenye kibao cha barabarani. Pale katikati kuna kijitundu cha mraba, hicho ni cha kuwekea kii ya kushika shafti. Nimesoma kwamba mwanzo hakikuwepo, ikabidi mhandisi mmoja awaambie gia hiyo inazunguka bure, haisukumi kitu. Miaka ya 1920 wakakitia. Kwa ufundi wamesema kweli. Nitarudi kuhusu huko "kusukuma", nina lililonikaa rohoni, lakini sasa nipo zamu.

#14 Mgeni_wa_Nyahururu
Naomba nimjibu Mpima lile swali la pili, maana naona mmekimbilia kengele na gia.

Mimi ni mhasibu. Nililetwa Malindi kikazi mwaka 2014, sijui mtu, sijui hata kuagiza mahamri. Miezi sita ya kwanza nilikuwa nakula chumbani nikiangalia feni. Nyinyi mnapofiwa, kabla jua halijachwa ukumbi umejaa, kuna mtu wa kuchimba, mtu wa sufuria, mtu wa kuandika mchango. Mimi ningekufa ningegunduliwa na mwenye nyumba tarehe tano.

Mwenzangu wa kazi akanipeleka klabu. Sikwenda kwa mapenzi ya visima, nakiri. Nilikwenda kwa sababu Jumanne jioni kulikuwa na watu wangeniita jina. Visima vilinipata baadaye. Mwaka 2018 babangu alifariki. Watu wanne wa klabu waliendesha gari kutoka Malindi mpaka Nyahururu, mmoja ni Mtaliano wa miaka sabini ambaye hajawahi kuona baridi ile, akasimama makaburini amejifunga kikoi shingoni.

Kwa hivyo, Mpima, ukoo wenu ndio unaowaweka nje. Wewe una shangazi kila mtaa. Klabu ni ukoo wa wasio na ukoo.

#15 Kaskazi_Baridi
Nimekosa la kutania hapo. Pole, ndugu.

#16 Muyeye_Kijana
Maelezo ya Mgeni mazuri, lakini si yote. Mbona ndani kuna daktari aliyezaliwa Kilifi na mwenye ukoo wa kujaza stediamu? Mimi naona ni pesa na saa. Mkutano unaanza magharibi, hotelini, na chakula ni mshahara wa siku mbili wa kibarua. Mtu wa Muyeye hata akiwa na digrii yake, mshahara unangojwa na karo ya wadogo zake. Atakaa vipi kula kuku wa bei hiyo ili azungumzie watoto wasio na miwani, na mmoja wao yuko kwao?

Mimi niko Rotaract, ile ya vijana. Zamani ukifika 30 unatoka, tangu 2020 hilo limeondolewa. Tunakutana chini ya mwembe, kila mtu na soda yake. Tumejaa wazaliwa.

#17 MzeeWaMambrui
Kila mtu na soda yake? Bia tena.

#18 Bi_Matone
Nawasalimu. Mimi ni muuguzi, nimeitembeza chanjo ya polio mitaa ya Malindi na Magarini mpaka soli zikaisha, jina hilo nilipewa na watoto. Matone mawili mdomoni, halafu unamtia wino kidole kidogo cha mkono wa kushoto ili mwenzako asimrudie.

Msizungumze klabu hizi kama kwamba ni chakula tu. Kazi ya polio Rotary ilianza na watoto wa Ufilipino mwaka 1979, mwaka 1985 ikalifanya jambo la dunia nzima, na miaka mitatu baadaye WHO, UNICEF na wengine wakaungana nayo. Sisi huku chini tuliliona hivi: siku ya kampeni wanachama walikuja na magari yao, wenyewe wamekaa usukani, barafu iko nyuma kwenye buti. Bosi wa benki ananishikia boksi la chanjo. Wengine walipiga picha, ndiyo. Mtoto aliyepata matone haulizi picha. Na Afrika polio ikaisha.

#19 Tuktuk_Casuarina
Kwani wanawake wanaruhusiwa kuingia? Mimi nilijua ni ya wanaume.

#20 Bi_Matone
Ilikuwa. Klabu moja ya Duarte, California, iliwaingiza wanawake watatu miaka ya sabini, ikafukuzwa na makao makuu. Wale wakaendelea kukutana, kwenye nembo wakapiga alama ya X. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, mwaka 1987 wanawake wakashinda, na 1989 Rotary ikafungua mlango duniani kote. Lions nao walifungua 1987. Mwanamke wa kwanza kuwa rais wa Rotary nzima, Jennifer Jones wa Kanada, alishika mwaka 2022. Miaka 117 kungoja. Hapo sina la kuwatetea.

#21 Muyeye_Kijana
Bi, nakusahihisha kwa adabu. Kilichotangazwa Afrika tarehe 25 Agosti 2020 ni kuisha kwa polio ya virusi vya pori. Mwaka 2022 virusi vya pori vilipatikana tena Malawi na Msumbiji, asili yake ikiwa Pakistan. Na kuna ile aina inayotokana na virusi vya chanjo vilivyobadilika pale ambapo watoto wengi hawajachanjwa. Hiyo ilipatikana Garissa mwaka 2023.

#22 Bi_Matone
Umesema kweli mwanangu, na hiyo ndiyo sababu miguu bado inaniuma. Nimeandika kwa furaha, si kwa kalamu ya ripoti.

#23 Kaskazi_Baridi
Kijana amemsahihisha muuguzi na amebaki hai. Malindi imebadilika.

#24 Fundi_Gongoni
Nimetoka zamu. Nilisema nina jambo.

Kuna kisima upande wa Magarini, kijiji sikitaji, na klabu iliyokichimba siitaji, si lazima iwe hiyo ya Mpima. Kina kibao kikubwa, rangi yake nzuri kuliko ya shule. Pampu ni ya mkono, Afridev. Pampu hii imebuniwa makusudi ili mwanakijiji aifungue mwenyewe, spana moja inatosha karibu kila kitu. Kilichokufa ni kipete cha mpira ndani ya pistoni. Kinalika kwa sababu ndiyo kazi yake kulika. Bei yake haifiki nauli yangu ya kwenda na kurudi.

Miezi kumi na moja, wadau. Miezi kumi na moja akina mama walirudi mto Sabaki kuchota kwenye mamba, kwa sababu kila mtu alingoja wenyewe waje. Wenyewe ni nani? Kijiji kikasema ni klabu. Klabu ikasema ni kamati ya maji, wameshaikabidhi. Mwenyekiti wa kamati alikuwa amehamia Mtwapa na spana. Mimi nilikwenda kumzuru shemeji yangu Jumapili, nikaona, nikarudi Jumapili iliyofuata na kipete. Saa moja na nusu, maji yakapiga. Wakanipa kuku.

Wakili, nyinyi mna yale maswali manne yenu mnayoyasoma mkutanoni. La kwanza si linasema "Je, ni kweli?" Basi kile kibao kilichoandikwa "maji safi kwa wote" kilikuwa kinasema nini muda wote huo?

#25 Wakili_KisumuNdogo
Umenipiga pabaya. Maswali ni: ni kweli? ni haki kwa wote wanaohusika? yatajenga nia njema na urafiki? yatawafaa wote? Yalitungwa mwaka 1932 na Herbert Taylor, aliyekuwa akijaribu kuokoa kampuni ya sufuria isifilisike.

Sasa nikwambie sababu ninayoijua mimi kutoka ndani. Rais wa klabu anakaa mwaka mmoja. Kila tarehe 1 Julai anaingia mwingine na yeye anataka mradi wake, picha yake, kibao chake. Kufungua kisima kuna sherehe. Kubadilisha kipete hakuna. Si ubaya wa moyo, ni kalenda.

#26 Ustadh_Barani
Sisi hili tulilijibu zamani. Kisima cha wakfu kina msimamizi, akifa anawekwa mwingine, na anayekitoa anatafuta thawabu ambazo hazina tarehe 1 Julai. Hapo ndipo penye tofauti ya nia.

#27 Fundi_Gongoni
Ustadh, nisamehe. Nimetengeneza na pampu ya kisima cha msikiti. Ilikaa miezi saba.

#28 MzeeWaMambrui
Visima vya kweli nendeni mkavione Gede. Mji umehamwa karne ya 17, visima vimesimama, na hakuna kibao hata kimoja.

#29 Muyeye_Kijana
Mzee, visima vya Gede vilikauka. Wako wanaosema hiyo ni moja ya sababu za mji kuhamwa.

#30 MzeeWaMambrui
Wengine wanasema ni vita, wengine Wagala, wengine majini. Kila mmoja na kisima chake.

#31 Mgeni_wa_Nyahururu
Kwa wanaouliza ya Lions: kwetu kijijini jina hilo lina maana moja, macho. Mwaka 1925 Helen Keller, ambaye alikuwa hasikii wala haoni, aliwaomba kwenye mkutano wao wawe mashujaa wa vipofu, na tangu hapo wameshika njia hiyo. Wana hospitali ya macho Loresho, Nairobi. Mamangu alitolewa mtoto wa jicho kwenye kambi ya bure. Alipofunguliwa bandeji aliniambia nimezeeka. Na mimi ndiye niliyelipa nauli.

#32 Tuktuk_Casuarina
Swali la haki. Ukiingia kazi zinapatikana? Mpima aseme kweli, si anatafuta wateja?

#33 Mpima_Ardhi
Kweli? Ndiyo, nusu. Malindi kazi ya kupima inatoka kwa mtu anayekujua, na watu wa mashamba makubwa wako meza ile. Nusu nyingine, niliona aibu. Yule Mtaliano mzee alizitaja shule za msingi za Malindi moja moja, na ipi haina vyoo vya wasichana. Mimi ni mzaliwa, sikuzijua tatu kati ya hizo.

#34 Wakili_KisumuNdogo
Hilo la biashara lilikuwepo tangu chumba 711. Harris na wenzake mwanzo walikuwa wakipeana wateja waziwazi. Huduma ilikuja baada ya miaka michache, na mradi unaotajwa kuwa wa kwanza ni choo cha umma cha Chicago. Msiwe wakali sana na Mpima.

#35 Kaskazi_Baridi
Dunia nzima inawaheshimu na walianza na choo. Nimepata tumaini na maisha yangu.

#36 Mpima_Ardhi
Wadau, ahsanteni, narudi na mrejesho. Alhamisi hii nilikwenda tena. Ramani niliacha nyumbani.

Wakati wa maswali nikauliza: visima mlivyochimba miaka kumi nyuma, vingapi leo vinatoa maji? Kimya kilianguka hapo, nikasikia feni. Mama wa benki akasema risiti zote anazo. Mtaliano mmoja akasema yeye anakumbuka vinne. Daktari akasema sita. Rais akanitazama, akatabasamu, akagonga kengele, akasema mgeni aliyeuliza ni mpima ardhi, kwa hivyo tunaomba aende akaviandike vilipo na hali zake. Wakapiga makofi. Mwanachama bado sijawa, kazi tayari ninayo, na petroli ni yangu.

Kuingia sijaamua. Alichosema Mgeni kinanifukuza, maana mimi shangazi ninao. Alichosema Fundi kinanivuta.

#37 Fundi_Gongoni
Jumapili hii niko huru. Njoo na pikipiki, mimi nitabeba spana na vipete vitano. Beji sitaki.

#38 Muyeye_Kijana
Rotaract tunaweza kutoa watu wawili wa kuandika. Chakula je?

#39 MzeeWaMambrui
Jumapili mtakula kwangu Mambrui, mkitoka Magarini ni njiani. Jumapili ya pili kwa Fundi. Halafu kwa Mpima.

#40 Kaskazi_Baridi
Siku ya kwa Mpima niambieni mapema. Na hamjanijibu tangu bandiko la pili: huko hotelini kulipikwa nini?

#41 Mpima_Ardhi
Wali wa nazi na kuku wa kupaka. Kuku mkavu.